Lundo Lililokataa Kuwaka

Jumamosi, tarehe 8 Februari 1958. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umelala juu ya msitu wa Mau, mzito kama maziwa yaliyoganda kwenye kibuyu. Baridi iliuma masikio, nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande, na jua lilipochomoza juu ya Olenguruone lilionekana hafifu, kama taa ya chemni nyuma ya pazia.

Milcah hakuisikia baridi hiyo. Alikuwa amekwisha kusali, amekwisha kukamua ng'ombe, na sasa alikuwa akipita boma kwa boma akiwaita wanawake wa kanisa watoke na mapanga na majembe yao.

"Haya, dada zangu! Leo ni leo! Yordani inaoshwa!"

Yordani lilikuwa jina la utani. Kwa kweli palikuwa ni pahali padogo tu ukingoni mwa msitu, penye ukuta wa mwamba wenye urefu wa watu wawili, na chini yake shimo la mawe lililokaa kama beseni kubwa. Maji hayakuanguka pale kwa kelele. Yalitona. Mwamba wote, pamoja na mitarakwa iliyouinamia, ulikuwa umevaa ule mmea mfupi, laini, wa kijani, unaopenda penye unyevu. Wasomi huuita kuvumwani. Watu wa pale waliuita manyoya ya mti, na hawakuufikiria zaidi ya hapo. Kutoka kwenye ncha za manyoya hayo maji yalidondoka usiku na mchana, ti, ti, ti, na beseni likajaa hadi kiunoni mwa mtu mzima.

Jumapili ya mwisho ya Februari mchungaji Kosgei angepanda kutoka Nakuru kuja kubatiza hapo. Alikuwa akija mara moja tu kwa mwaka. Mto mkubwa ulikuwa mbali bondeni, kwenye mteremko wa kuvunja magoti, na tena siku zile za Hali ya Hatari watu hawakukusanyika popote walipotaka. Kibali kilichopatikana kilitaja pahali hapa na si pengine.

Mwaka huo kulikuwa na sababu ya kumfanya Milcah asilale kwa furaha. Mama mkwe wake, Cheptanui, ambaye wote walimwita Kogo, yaani bibi, alikuwa amekubali kubatizwa.

Kogo huyo alikuwa amelikataa kanisa miaka na miaka. Wahubiri walipokuja kwake aliwapa maziwa, akawasikiliza hadi mwisho, kisha akawaonyesha njia. Lakini mvua za mwaka uliopita zilimwachia kikohozi kilichokataa kupona, na siku moja, akiota moto, alisema bila kuulizwa, "Nilipokuwa na nguvu za kukimbia, nilikimbia. Sasa siwezi kukimbia, Mungu amenikamata. Mwambieni mchungaji wenu aje."

Milcah alipiga magoti papo hapo, mwiko wa ugali ukiwa mkononi, akamshukuru Mungu mpaka ugali ukaungua.

Ndiyo maana alitaka pahali pale pawe safi kuliko pahali popote. Na jinsi ya kusafisha maji, yeye aliijua, maana alikuwa amesoma. Alikuwa ameanza ngumbaru, yaani masomo ya jioni ya watu wazima, akiwa na watoto wanne na mvi mbili tatu kichwani. Mwalimu Micah, aliyekuwa pia mzee wa kanisa, aliwafundisha wiki ile ile habari za tangi la mabati la shule. Kwenye ubao aliandika: Sugua ndani ya tangi mpaka kijani chote kiishe. Milcah alisoma sentensi hiyo mwenyewe, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kusaidiwa. Ilikuwa ya kwanza kuisoma namna hiyo maishani mwake, na aliibeba nyumbani kama mtu abebaye yai.

Sasa alisimama mbele ya mwamba, akakunja mikono ya gauni lake, akaanza.

Yalitoka kwa urahisi, yale manyoya. Ukiingiza ncha ya panga chini yake, yanabanduka kama ngozi ya mbuzi, pande zima, na nyuma yake jiwe linabaki jeusi na tupu. Wanawake waliimba huku wakikwangua. Chepchirchir, rafiki yake, aliyekuwa amepanda juu ya mzizi wa mtarakwa, alimwita kwa jina la mwanawe, akauliza, "Mama Kimutai, na haya ya juu ya mti je? Nayo ni uchafu?"

"Yote! Kijani chote kitoke! Mwalimu alisema mpaka kiishe."

"Na huku juu kwenye udongo?"

"Wewe kwangua tu, mama! Mungu haoni haya ya mbele peke yake."

Kipkorir, mchonga mizinga, alitokea msituni wakati huo akiwa na mzinga mpya begani. Alikuwa mtu wa maneno mengi na wa kanisa kidogo. Alisimama, akauweka mzinga chini, akawatazama.

"Chamgei, akina mama! Nani amefiwa?"

"Hakuna aliyefiwa," Milcah alijibu bila kugeuka.

"Basi mbona mnaunyoa mlima? Kwetu hatunyoi mpaka pawe na msiba."

Wanawake walicheka. Chepchirchir alimrushia bonge la manyoya likampata kifuani. "Tunamwandalia Mungu mahali safi, wewe mla asali!"

"Kumbe siku zote alikuwa anakaa pachafu na hakusema? Mungu mvumilivu huyo." Kipkorir aliliokota lile bonge, akaliminya kidogo, akalitazama kwa jicho la fundi. "Haya msitupe yote. Yanaziba nyufa za mzinga vizuri. Nipeni kikapu kimoja."

Wakampa kikapu kikajaa. Yaliyobaki waliyarundika kivulini nyuma ya mwamba, lundo refu kama ndama aliyesimama.

Walipomaliza, jua lilikuwa limepenya ukungu, na mwamba uling'aa. Maji, ambayo siku zote yalitona, sasa yalikimbia juu ya jiwe tupu kama watoto waliofunguliwa shule. Milcah alipiga kigelegele.

"Mmeona? Mmeona! Tumeyafungulia njia!"

Walishikana mikono, wakaomba, wakarudi nyumbani wakiimba. Njia nzima Milcah alikuwa akiona mbele ya macho yake siku ile kuu: Kogo katika gauni lake jeupe, akiingia kwenye maji safi.

Asiyejua maana haambiwi maana.

Siku chache baadaye mtoto aliyetumwa maji alirudi na debe la matope. Milcah aliteremka mbio kwenda kuangalia. Maji yale yaliyokuwa yakikimbia yalikuwa yamechagua njia yao wenyewe: yaliteleza juu ya jiwe tupu, yakakata pembeni, yakapita bega la beseni bila kuingia, yakapotelea mavumbini. Udongo wa juu, uliokuwa umefunikwa na kushikwa na manyoya, ulikuwa umekauka na kupasuka, ukimeguka na kuanguka ndani ya shimo. Kila siku aliyokwenda, maji yalikuwa yamepungua. Yalikuwa kiunoni. Yakawa magotini. Kisha yakaja mapajani mwa bata, kama Kipkorir alivyosema alipopita, na mara hiyo hakuna aliyecheka.

Sasa hata kule kukimbia kulikwisha. Mwamba ulikuwa mkavu kufikia saa nne ya asubuhi.

Mwalimu Micah alikuja, akavua kofia, akachuchumaa ukingoni.

"Mama Milcah," alisema, "mchungaji akifika na asipate maji ya kumzamisha mtu, atarudi Nakuru. Hatabatiza kwa kikombe. Mnajua msimamo wa kanisa letu."

"Na Kogo?"

"Atangoja mwaka ujao."

Kogo alipoambiwa alisema tu, "Basi nitangoja." Lakini usiku Milcah alisikia kikohozi chake kupitia ukuta wa udongo, kirefu, kikavu, na alijua kama Kogo mwenyewe alivyojua kwamba mwaka ujao ulikuwa mbali sana. Asubuhi alimkuta mama mkwe wake amelitoa lile gauni jeupe sandukuni, amelikunja upya, na kulirudisha.

"Usinitazame hivyo," Kogo alisema. "Naliingizia hewa tu lisiingiwe na nondo."

Milcah hakuweza kula. Alikwenda nyuma ya ghala la mahindi, mahali pake pa kuombea, akasema maneno machache. "Baba, nilitaka kukuheshimu. Mikono yangu ndiyo iliyokausha. Nionyeshe nilichokitoa ni nini."

Alipoinuka, hakusikia sauti wala hakuona nuru. Alikumbuka tu somo lingine la ngumbaru: takataka karibu na maji zichomwe. Akafikiri labda lile lundo nyuma ya mwamba ndilo lililoharibu pahali pale, likioza na kunuka. Angalau hilo angeweza kuliondoa. Akatia makaa ya moto kwenye kigae, akachukua mzigo wa nyasi kavu, akateremka.

Aliweka makaa chini ya lundo, akajaza nyasi, akapuliza. Nyasi ziliwaka vizuri. Moto ukapanda, ukayagusa manyoya, ukasema fsss, ukafa.

Akaleta magome ya mtarakwa, ambayo huwaka hata kwenye mvua. Moto ukapanda tena, mkali, mwekundu, ukapasua na kurusha cheche. Ukaingia ndani ya lundo. Fsss! Moshi mweupe ukatoka, ukamwingia machoni. Moto ukafa.

Milcah alikasirika. Mara nyingi hakukasirika, lakini siku hiyo alikuwa amebakiwa na kitu kimoja tu cha kufanya na kitu hicho kilimkatalia. "Hata wewe?" alilifokea lundo, na akalikanyaga kwa mguu wake wote.

Maji yakaruka mpaka kwenye magoti yake.

Alisimama hivyo hivyo, mguu ndani ya lundo. Mvua haikuwa imenyesha tangu Krismasi. Mwamba ulikuwa mkavu, njia ilikuwa vumbi, lakini mguu wake ulikuwa umelowa kama umetoka mtoni.

Polepole aliinama, akachota bonge kwa mikono miwili, akalikamua. Maji yakatiririka kati ya vidole vyake. Hayakuwa matope. Yalikuwa maji safi, baridi, yasiyo na rangi. Akafungua kibuyu kilichokuwa kiunoni mwake, akamwaga maziwa yaliyobaki bila hata kufikiri, akakamua bonge la pili ndani yake, na la tatu, na la nne. Kibuyu kikajaa.

"Mungu wangu," alisema. Kisha kwa sauti kubwa zaidi, "Mungu wangu!"

Aliwahi kusikia kanisani habari ya mtu wa zamani aliyetandaza ngozi ya kondoo usiku, na asubuhi akaikamua umande ukajaa bakuli. Siku zote alidhani hiyo ilikuwa miujiza ya nchi za mbali. Kumbe ngozi ya namna hiyo ilikuwa imetandazwa hapa Mau, juu ya kila jiwe na kila mti, ikinywa ukungu kila asubuhi na kuutoa tone kwa tone mchana kutwa. Na yeye alikuwa ameibandua kwa panga, akiimba!

Akaanza kulifukua lundo kama mtu atafutaye sindano. Chura mdogo wa kijani, mdogo kuliko ukucha, aliruka kwenye kiganja chake akamtazama. Kulikuwa na minyoo. Kulikuwa na vijidudu vyenye miguu mingi vikikimbilia gizani. Kulikuwa na tabaka jembamba la udongo mweusi, mzuri kuliko wa shamba lake, uliojitengeneza juu ya jiwe mahali ambapo udongo hauwezi kukaa. Na katikati ya bonge moja, umesimama wima kwenye kitanda chake cha kijani, kulikuwa na mche wa mtarakwa. Urefu wake ni kidole. Majani yake mawili matatu tu. Haukuwa umekufa. Kumbe mti mkubwa kuliko yote msituni ulianza maisha yake kwa kulala juu ya manyoya haya, kama mtoto mgongoni mwa mama.

Milcah alicheka na kulia kwa pamoja. Akaokota bonge lile lenye mche na lingine moja, akayafunga katika leso yake pamoja na udongo mkavu wa juu ya mwamba, akakimbia. Wanawake waliokuwa wakipalilia waliinuka wakamwona mama mzima akipita mbio na miguu iliyolowa na uso mweusi kwa moshi.

"Mama Kimutai, kuna nini? Ng'ombe wamepotea?"

"Halikuwaka!" alipiga kelele bila kusimama. "Lundo halikuwaka! Asifiwe Bwana!"

Ngumbaru ilikuwa imeanza. Mwalimu Micah alikuwa akiandika hesabu za kujumlisha, na jioni ilikuwa bado na mwanga wa kutosha mlangoni. Milcah aliingia bila hodi.

"Mwalimu, naomba birika la maji na bakuli mbili."

"Mama Milcah, tuko kwenye hesabu."

"Hii pia ni hesabu, mwalimu. Tafadhali."

Chepchirchir alimpa birika. Milcah akaweka katika bakuli moja udongo mkavu aliouokota juu ya mwamba uliokwanguliwa, na katika nyingine bonge la manyoya aliloliminya mpaka likakauka. Akaziinamisha bakuli zote mbili ukingoni mwa meza, akamimina maji. Kwenye udongo maji yalipiga, yakabeba vumbi, yakamwagika sakafuni rangi ya chai ya maziwa. Kwenye manyoya yaliingia. Akamimina tena. Yakaingia. Manyoya yalivimba, yakafunguka, rangi yake ikang'aa kama shamba baada ya mvua. Wanafunzi wote walikuwa wamesimama. Kisha, kwenye ukingo wa bakuli, tone moja lilitokea, likaning'inia, likaanguka. Ti. Kisha lingine. Ti.

Darasa zima lilitambua sauti ile. Walikuwa wamekua nayo.

"Ni sauti ya Yordani," alisema Chepchirchir kwa kunong'ona.

Mwalimu Micah aliweka chaki chini. Uso wake ulikuwa umebadilika, lakini si kwa aibu. Alionekana kama mvulana aliyeona garimoshi kwa mara ya kwanza. "Nililifundisha tangi," alisema. "Tangi ni bati. Halina uhai. Na mimi nilipita hapo siku ile nikawaona mkikwangua, nikasema hongereni!" Akalichukua lile bonge jingine lililobaki kwenye leso, akalishika karibu na macho. "Na hiki ni nini? Mche? Mche wa mtarakwa? Hebu lete, lete, nione!"

"Lundo lote lingali hai, mwalimu," Milcah alisema, akihema. "Limekaa kivulini siku zote hizi, linakunywa ukungu. Tulirudishe."

"Litashika? Halina mizizi."

"Ndiyo! Halina mizizi! Kwa hiyo halikukatika. Lililala tu juu ya jiwe. Tukilifunga, litalala tena."

"Kulifunga juu ya mwamba?" mmoja wa wanaume wa nyuma aliuliza. "Nani anajua kufunga kitu juu ya mwamba?"

Watu wakatazamana, kisha kwa pamoja wakaanza kucheka, maana wote walifikiri jina moja.

Kipkorir aliletwa kesho yake asubuhi kutoka msituni, na alifurahia sana kuhitajiwa na kanisa.

"Mlimnyoa mlima, sasa mnataka kumrudishia nywele," alisema, akizunguka mwamba mikono nyuma. "Mimi nimeona mengi, lakini hili halijawahi kutokea."

"Utatusaidia au utatucheka?" Milcah aliuliza.

"Mama, naweza kufanya yote mawili."

Na aliyafanya yote mawili. Alikuwa mtu aliyefunga mizinga juu ya miti maisha yake yote, na aliwaonyesha jinsi ya kuchuna kamba ndefu kutoka kwenye magome makavu ya mtarakwa, kuloweka, na kuzungusha namna ambayo kamba ikikauka inajikaza yenyewe. Wanawake walibeba manyoya vichwani kwenye karai na vikapu, kwa uangalifu, kama wabebao watoto wachanga. Waliyatandaza juu ya jiwe, upande wa udongo chini, upande wa kijani juu. Kipkorir na vijana walifunga kwa kamba na vijiti vya mwanzi. Juu kabisa, kwenye udongo uliopasuka, walifunika pote, wakaweka matawi ya kuleta kivuli. Kipkorir alikwenda hata kwenye mzinga wake mpya, akayang'oa yale aliyoyazibia nyufa, akayaleta kikapuni.

"Chukueni. Nyuki wangu watalala na baridi kwa sababu ya Kogo. Mwambieni nitamdai maziwa."

Jioni ile hakuna kilichotona. Milcah alirudi nyumbani akaomba. Asubuhi ukungu ulishuka mzito, na alipofika pale akiwa peke yake aliweka sikio karibu na mwamba kama mtu asikilizaye tumbo la mama mjamzito.

Kimya. Ndege mmoja mdogo alikuwa amekuja kuchuna uzi wa manyoya kwa ajili ya kiota chake, na Milcah hakuwa na moyo wa kumfukuza.

Kisha: ti.

Hakusubiri la pili. Alikimbia kuwaita wengine, na walipofika matone yalikuwa yanafuatana, yakishuka kwenye njia yao ya zamani kabisa, yakiongozwa na manyoya moja kwa moja hadi ndani ya beseni. Chepchirchir alilala kifudifudi ukingoni akayahesabu kwa sauti mpaka akachanganyikiwa, na watu wakamshangilia.

Lakini beseni lingejaa kwa wakati? Hilo ndilo lililowanyima usingizi. Kila siku wanawake walipita na kupima kwa mguu. Juu ya kifundo. Nusu ya muundi. Jumamosi, siku moja kabla ya mchungaji, maji yalikuwa yamefika juu kidogo ya magoti, safi hata ungeweza kuona kila kokoto. Hayakuwa kiunoni.

"Hayatoshi," mmoja alisema.

"Kwa kusimama, hayatoshi," Milcah alijibu. "Kwa kukaa je?"

Kipkorir, ambaye siku hizi alikuwa hakosi kupita pale, alikuna kichwa. Akaondoka, akarudi na mzinga. Akautupa ndani ya beseni, akaingia na kuukalia kwa uzito wake wote. Mzinga ulizama kabisa. Maji yakaufunika pande zote, Kipkorir akabaki ameketi juu ya kitu kisichoonekana, ameshika kofia yake.

"Kogo si mnene kuliko mzinga huu; akikaa na kulazwa, maji yatamfunika," alitangaza. "Niliwahi kumbeba akiwa mgonjwa. Najua."

Kicheko kilichotoka pale kiliamsha kima mpaka ng'ambo ya bonde.

Jumapili, lori lililomleta mchungaji Kosgei kutoka Nakuru lilimwacha barabarani, akapanda kwa miguu huku suruali yake imejaa vumbi jekundu. Alipouona mwamba uliofungwa kamba kama mzigo wa kuni alisimama, akamwuliza Micah ni nini. Micah akamweleza, kwa kirefu, kwa mikono, akisahau hata kumpa kiti. Mchungaji alisikiliza. Mwishowe alivua viatu, akaingia majini, akajaribu kina kwa mikono yake mwenyewe.

"Yakimfunika mtu," alisema, "yanatosha."

Kogo aliletwa na wajukuu wawili. Gauni jeupe lilikuwa kubwa kwake. Alipotia mguu kwenye maji alipiga kelele, "Baridi! Mbona hamkuniambia?" na watu wakacheka, naye akacheka, akakohoa, akacheka tena. Wakamkalisha taratibu. Mchungaji alimwuliza maswali yale yanayoulizwa, naye akajibu kila moja kwa sauti iliyosikika hadi nyuma, akaongeza "ndiyo" nyingine mahali ambapo hakuulizwa. Kisha mchungaji akamlaza, maji yakamfunika uso, gauni, mikono, yote. Kwa pumzi moja hapakuwa na sauti msituni isipokuwa ti, ti, ti.

Akainuka. Akapangusa macho. Vigelegele vilipasuka pande zote, na Milcah aliruka ndani ya beseni na nguo zake zote, akamkumbatia mama mkwe wake, wakatetemeka pamoja kwa baridi na kwa furaha.

"Niachie nipumue, binti yangu," Kogo alisema. Kisha, akiwa bado ameketi majini kama malkia, alimwangalia. "Mimi leo nimeapa mbele ya watu wote. Na wewe, mkwangua mlima, huna la kuapa?"

Kipkorir, aliyesimama kando ya mtarakwa, nusu ndani ya kanisa na nusu nje, alivua kofia.

Milcah aliweka kiganja chake chenye maji juu ya manyoya ya kijani. Yalikuwa baridi, yamejaa, na karibu na kidole chake ule mche mdogo wa mtarakwa ulikuwa umesimama wima mahali alipourudisha.

"Mbele ya Mungu," alisema, "na mbele ya mchungaji, na mwalimu wangu, na Kogo, na ninyi nyote mlioshika panga pamoja nami: sitaubandua tena mkono huu wa Mungu kutoka juu ya mwamba wake. Kila mtoto atakayezaliwa bomani mwangu nitamleta hapa kabla hajajua kusoma, atie kidole chake humu, alikamue bonge moja na kulirudisha. Na yeyote atakayekuja hapa na panga, awe wa kanisa au wa serikali, atanikuta mimi nimekaa mlangoni pa Yordani. Naahidi."